Mkeka Unaokwenda Kigoma

Riziki, mama,

Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, kwa hiyo usishangae nikianza kwa heshima kuliko ulivyozoea. Umeenda kusukwa nywele kwa jirani na umesema utachelewa. Afadhali. Mambo haya nikiyasema kwa mdomo nitaanza kukohoa, kisha nitahamia kwenye bei ya chumvi, na kesho utapanda boti bila kusikia nilichotaka kukuambia.

Sitakuandikia habari za kuvaa jile, koti la kuelea, wala namna ya kufunga sanduku, wala jinsi ya kumsalimu mume wa mama yako mdogo Feza. Una miaka ishirini na miwili. Feza amekuita Kigoma ukajifunze kushona kwenye duka lake, na jinsi ninavyomjua, sheria zake zitakutosha bila kuongezewa za kwangu.

Mimi kule kambi ya wakimbizi, Tanzania, kazi yangu ilikuwa kuandika barua za watu. Aliyetaka kumwandikia ndugu yake Uvira au Lusaka alikuja na kiti chake, akasema, nikaandika. Niliandika barua za posa, za misiba, za kuomba radhi, nyingine nzuri mpaka mwenye barua alilia nikimsomea maneno yake mwenyewe. Ya kwangu sikuandika hata moja. Hii ndiyo ya kwanza, na nimeshachana karatasi mbili.

Nina hofu, mama. Tangu asubuhi nimekwenda kuangalia ziwa mara nne. Wenye boti wananicheka. Yule nahodha amesema, "Muzee, ziwa iko palepale, haijatoroka." Nikacheka naye, halafu nikarudi tena kuangalia. Naogopa upepo unaoamka mkishapita rasi ya Ubwari, ambako simu haishiki. Naogopa habari zinazokuja na watu wa barabarani, kila mmoja na vita yake mdomoni, hujui uamini ya nani. Naogopa usipofika, na naogopa ukifika.

Hili la pili ndilo lenyewe. Naogopa ukifika, kwa sababu wewe ulizaliwa kule. Miaka tisa tumekaa hapa Baraka, na bado ukisema "kwetu" unaangalia ng'ambo. Shuleni walikucheka kwamba unaongea kama redio. Ulijifunza kusema "batoto" na "bamama" ili wakuache, lakini ukiumia kidole unalia kwa Kiswahili cha Kasulu. Mimi nakuona unaondoka nyumbani, na nadhani moyoni mwako unarudi nyumbani. Ndiyo maana juzi Feza alipopiga simu na wewe ukaja mbio kuniambia, sikukupa hongera. Nilikuuliza, "Utarudi lini?" Ulikuwa bado una simu mkononi. Ukaiweka mezani, ukachukua ndoo, ukaenda kuchota maji. Pipa lilikuwa limejaa.

Swali lile lilikuwa kosa, na si mara yangu ya kwanza kulifanya. Ngoja nikueleze vizuri, maana wewe ulikuwa mtoto, uliona nusu tu.

Tuliporudi hapa ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Safari yote nilikusimulia nyumba ya babu yako: ukuta wa tofali, uwanja unaoshuka mpaka karibu na maji, jiwe kubwa ambalo wanawake walisugulia miguu. Nilikuwa na karatasi ya ile parsele, yaani kiwanja chetu, nimeifunga kwenye plastiki, nimelala nayo chini ya kichwa miaka yote ya ukimbizi. Uliniuliza, "Baba, tutalala humo leo?" Nikajibu ndiyo, kwa sauti ya mtu anayejua.

Tulishuka, tukawekwa kwa muda kwenye hema la wanaorudi. Kesho yake nikakuacha na wanawake, nikapanda Fizi. Ndiyo, Fizi-Centre, kule milimani, kwenye bureau, ofisi ya serikali. Nilitaka mhuri mpya juu ya karatasi yangu ya zamani kabla sijaonana na mtu. Na njia ya kupanda Fizi ilinipitisha karibu na uwanja wetu wenyewe. Niliona moshi wa jiko, nikaona mtu amekaa nje anafuma wavu. Nikamjua. Alikuwa Asende, mtoto wa baba yangu mkubwa, niliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Sikusimama. Nilijiambia nitamsalimu nikishapata mhuri.

Nilipata mhuri. Siku ya nne nikaja nawe mkononi, unakumbuka, nimekuvalisha gauni la kanisani. Nikasimama uani kwa Asende, nikafungua plastiki, nikasema, "Ndugu yangu, nimerudi, na karatasi ya parsele ndiyo hii."

Asende aliweka wavu chini polepole. Hakuiangalia karatasi. Alisema, "Wilondja, uliniona juzi ukipita?"

Nikaanza kuikunja karatasi.

"Mi nilikuona. Nikaita muke yangu, nikamuambia ndugu yangu amerudi, weka maji kwa moto. Maji ikachemka mpaka ikaisha." Akasimama. "Baba yako nilimuzika mi, na hii mikono. Alikufa anaita jina yako. We unafika hapa, hauulize ata kaburi iko wapi, unaniuliza parsele?"

Akaingia ndani. Mlango hakuupiga, aliufunga taratibu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua, na wewe umenishika mkono, umeona baba yako amesimama na karatasi yake. Uliniuliza njiani kama tumekosea nyumba. Nikakugombeza.

Sasa wewe unajua desturi ya hapa, umekulia ndani yake, lakini mimi niliyezaliwa nayo niliisahau. Mtu akirudi baada ya kukaa mbali, hata kama ni miaka ishirini, kwanza anakaa chini kwa wafu wake. Anakwenda kila ua uliopata msiba akiwa hayupo, anakaa ardhini, analia au ananyamaza, anapewa majina ya waliokwenda. Wenyeji wakishamwinua ndipo anaweza kuuliza habari za shamba, za nyumba, za ng'ombe, za chochote. Kambini tulikuwa tumezoea kuanza na karatasi. Bila karatasi hupati unga, hupati hema, hupati jina. Ikatuingia damuni, tukaileta nyumbani kama funza kwenye kidole.

Wala sikuwa peke yangu. Karibu wote tuliorudi na mvi tulifanya kosa hilohilo, kila mmoja kwa namna yake. Ndipo nikamjua Mama Zabibu.

Wewe unamjua kama bibi wa maandazi na kicheko, lakini nikueleze jinsi alivyoniingia. Ilikuwa wiki moja baada ya aibu ile. Nimekaa nje ya hema, sili, nimepanga kumshtaki Asende. Akaja mwanamke mnene amejitanda kanga ya kijani, mkeka umekunjwa begani, akasema, "We ndo ule mwenye karatasi?" Mji mzima ulishajua. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mi nilikuwa na mihuri tano. Bado niko nayo, nafunikia chungu."

Mume wake alikuwa na boti kabla ya vita, walikimbilia Kigoma, mume akafia huko, yeye akarudi miaka mitatu kabla yetu. Alinikalisha, akaniuliza jina la baba yangu. Si jina langu, la baba yangu. Akaniuliza alipenda kula nini. Nikasema ndagala, dagaa wetu, wa kukaanga na pilipili mbichi, na niliposema hivyo nikaanza kulia, mzee mzima, mbele ya watu wa foleni ya maji. Akangoja. Kisha akaukunjua ule mkeka akanipa. "Karatasi uache kwangu. Enda kwa Asende na hii. Usiseme kitu. Kaa inje, chini. Leo, kesho, na kesho kutwa."

Nilikwenda. Siku ya kwanza Asende alinipita kana kwamba mimi ni gogo. Siku ya pili mvua ilinyesha, nikajifunika mfuko, nikakaa. Mchana wa siku ya tatu mke wake akatoka na sahani ya bukari, ugali wetu, na ndagala wa kukaanga, na pilipili mbichi pembeni, akaiweka mbele yangu. Sijui nani aliwaambia, ingawa nadhani unamjua. Asende akatoka nyuma yake, akakaa kwenye ncha ya mkeka, tukala sahani moja. Ndipo nikamuuliza, "Ndugu yangu, baba amelala wapi?" Akanijibu, "Simama, nikuonyeshe."

Nyumba hii tunayoishi, chumba hiki ninachoandikia, ni nusu ya uwanja ule. Asende aliukata mwenyewe kwa jembe siku iliyofuata. Ile karatasi hajaisoma mpaka leo.

Nimesimama kidogo kwenda kuangalia ziwa. Limetulia. Nahodha ameniona kwa mbali akanipungia mkono, nami nikajifanya nimekuja kutupa takataka.

Niendelee. Kutokana na mambo hayo ndipo kikazaliwa kile kikundi chetu cha Jumamosi ambacho vijana mnakiita Chama cha Mkeka. Mnatucheka, na mna haki. Wazee wanane, wengine wametoka Tanzania, mmoja Zambia, mmoja Burundi, tumekaa kwa Mama Zabibu tunakunywa chai na kuulizana majina ya mitaa tuliyosahau. Mnatucheka kwamba kila anayesema "kule Tanzania sisi tulikuwa" anaosha vikombe vya wote. Mimi nimeosha vikombe vingi kuliko mtu yeyote. Lakini kurudi nyumbani uzeeni ni kazi ngumu, mama, wala hakuna anayekufundisha. Unafika unadhani unajua kila kitu, kumbe soko limehama, lugha imesogea, wenzako wanaokumbuka utani wako wamekufa, na watoto wanakuita mgeni katika mji ulikotahiriwa. Unaona haya kuuliza. Basi tunaulizana sisi kwa sisi. Na akisikika mzee anashuka botini, wawili wetu wanakwenda kumpokea na mkeka, kabla hajaenda popote, na tunamwambia karatasi aiache kwa Mama Zabibu. Wengine hukasirika. Mmoja kutoka upande wa Nundu alitutukana njia nzima. Siku ya tatu alirudi kuomba chai.

Mkeka ni uleule mmoja, wa ukindu, umeshonwa mara nyingi kwenye kona. Wameukalia watu wengi sana.

Sasa nifike mahali ninapopaogopa.

Mwezi uliopita, Jumamosi, nilikulalamikia kwa wazee. Nilisema una moyo mgumu, kwamba tangu tulipoondoka kambini hujawahi kunisimulia jambo lako hata moja. Nikawapa mfano wa siku ile ya malori. Nilisema majina yalikuwa yanasomwa, dereva amewasha mashine, na wewe huonekani. Nikakutafuta nikiwa kama kichaa. Ukatokea mbio, gauni limelowa, mikono imejaa udongo. Nikakupiga kofi mbele ya watu wote, nikasema, "Unataka tuachwe hapa kwa ajili ya michezo yako?" Hukulia. Ulipanda lori ukakaa umeipa kambi mgongo. Niliwaambia wazee hayo kama ushahidi wangu.

Mama Zabibu aliweka kikombe chini. Akasema, "Baba Riziki, we unajua ile udongo ilitoka wapi?"

Nikasema mtoto alikuwa anacheza.

"Haikuwa muchezo. Alienda kwa mama yake."

Ulimsimulia yeye miaka mingi iliyopita, ukisaidia kukanda unga. Ulimwambia kwamba uliamka kabla ya watu, ukaenda peke yako makaburini, ukaweka alama kwa mikono kwenye kaburi la mama yako ili usilipoteze, na kwamba ulitaka kuniambia ukiwa njiani kurudi. Halafu nikakupiga. Akasema ulimwomba asiniambie, naye akatunza siri mpaka Jumamosi ile nilipokusema vibaya.

Nilirudi nyumbani nikakukuta unapasi sketi. Nikakuuliza kama kuna chai. Ndivyo nilivyo.

Riziki, nilikupiga kwa kufanya kitu ambacho mimi nilipaswa kufanya. Mimi ndiye niliyepaswa kuamka kabla ya watu. Wiki nzima kabla ya malori nilizunguka kuaga, nilimuaga mpaka mtu aliyekuwa ananiuzia tumbaku, na kwa Mauwa wangu, mama yako, sikwenda. Nilijiambia kuna shughuli nyingi. Uongo. Niliogopa kwamba nikifika pale miguu itakataa kuondoka, na wewe utakulia kwenye hema kama ulivyozaliwa. Kwa hiyo nikaifunga karatasi yangu vizuri kwenye plastiki. Na hapa Baraka, nilipompita Asende njiani, sikuwa na tamaa ya kiwanja kama watu walivyosema. Nilijua ana habari ya baba yangu na sikutaka kuisikia. Karatasi ni rahisi kuishika, haikujibu kitu. Hilo nimelielewa nikiwa na miaka sitini na minne, na nisingependa wewe usubiri mpaka hapo.

Nisamehe kwa lile kofi. Nimeandikia watu wengi neno hilo, na sasa naona nilikuwa nawaandikia haraka mno.

Basi juzi, Feza alipopiga simu, nilifanya yaleyale. Wewe unakwenda ng'ambo ya mama yako, mara ya kwanza tangu ukiwa na mikono ya udongo, na mimi nikaanza kudai changu. Utarudi lini, ndiyo karatasi yangu ya safari hii. Na nikiri kwamba bado nataka jibu lake. Nalitaka usiku na mchana. Nimekuzoea, mama. Nimezoea unavyoimba vibaya ukifua. Ukikaa huko sijui nitakuwa nani hapa, mzee mwenye nusu uwanja. Lakini ni woga wangu, nitaubeba mwenyewe, nao wazee wanane watanisaidia kuubeba, maana ndiyo kazi yao.

Kando ya sanduku lako utakuta mkeka umefungwa kwa kamba ya wavu. Ndio huohuo. Jana niliwaomba. Nilidhani watakataa, haujawahi kutoka nje ya Baraka. Mzee wa kutoka Zambia aliuliza, "Na bageni bakifika, batakaa wapi?" Mama Zabibu akamjibu, "Batakaa kwa kanga yangu. Ule mutoto anangoja miaka tisa." Asende mwenyewe ndiye aliyeufunga, kwa kamba aliyosokota jana hiyohiyo.

Feza anajua wa kumwomba ruhusa ya kuingia kambini. Nimeshaongea naye. Uende kabla ya cherehani, kabla ya kuzunguka mji, kabla ya lolote. Kaa kwa mama yako siku utakazotaka, usiharakishwe na mtu. Kama mvua imefuta alama yako, kaa papo hapo karibu, atajua. Kesho ufukweni sitakuuliza swali lile la juzi, na nikianza kufungua mdomo, Mama Zabibu ameahidi kunikanyaga mguu. Na mkeka huo usikupe deni lolote. Wazee wamesema wataanza kusuka mwingine.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unaagana nao, nifunge haraka.

Nina swali moja tu ambalo nataka uondoke nalo. Nilipaswa kumuuliza Asende la namna hii siku ya kwanza, nikachelewa, na kwako nimechelewa miaka tisa. Nakumbuka ilikuwa safu ya tatu, au ya nne. Nakumbuka njia ya mchanga na mti mwembamba, lakini nikifumba macho mti unahama, mara kulia, mara kushoto. Nimesahau mahali alipolala, Riziki. Sijawahi kumwambia mtu.

Ukishakaa, ukishalia ukatosheka, nipigie simu. Nieleze mama yako amelala wapi, upande gani wa njia, ameelekea wapi. Mimi nitakuwa hapa uani, nimekaa chini bila mkeka, nangoja unionyeshe.

Baba yako,
Wilondja